Namba ya Maumivu ya Dative

Ukitaka kumwona Dative akivua miwani, na akishavua miwani ujue kuna mtu ataungua, mletee faili la mgonjwa ambalo daktari ameandika "uvimbe kwenye kizazi" halafu akaenda zake. Uvimbe gani? Uko wapi? Ndani ya nyama ya kizazi, chini ya utando wake, au umening'inia kwa nje? Kila mahali pana namba yake. Daktari asiposema, tunalazimika kuweka ile namba ya mwisho kabisa, ya "mahali hapakutajwa," na namba hiyo Dative anaichukia kama watu wengine wanavyochukia panya.

Sisi ni makoda. Mgonjwa akitoka hospitali, faili lake linakuja kwenye skrini zetu, nasi tunageuza maneno ya daktari kuwa herufi na namba. D ishirini na tano ni uvimbe wa kizazi. N tisini na mbili ni hedhi nzito. Kutokana na namba hizo nchi inajua wanawake wake wanaugua nini, na hospitali inajua imetibu nini. Sheria yetu kubwa ni moja: kisichoandikwa hakikutokea. Hata uwe unajua, hata uwe unaona kwa macho yako, kama daktari hajaandika huna ruhusa ya kuongeza. Akitia alama ya kuuliza mbele ya jina la ugonjwa, basi ugonjwa huo haupo, unaandika "maumivu" na kusonga mbele. Mimi nasonga. Dative hasongi.

Naitwa Nilam, Mhindi wa Nakuru, mkazi wa Acocks Green, hapa Birmingham. Kiswahili changu nilikipata kwa majirani na shuleni, na sikukiacha uwanja wa ndege nilipokuja huku. Siku ya kwanza Dative aliponisikia nikiitukana printa kwa Kiswahili, aligeuza kiti chake kizima.

"Weye ni muhindi ya wapi?"

"Wa Nakuru. Kwani wewe?"

"Miye ni ya Uvira. Karibu basi, dada. Hapa tulikuwa tunakauka mudomo."

Tangu siku hiyo tunagombana kila kukicha kuhusu Kiswahili cha nani ndicho Kiswahili, na hajashinda mtu.

Dative alifika Birmingham na mumewe Ignace, watoto wao, na mama mkwe wake, mama Fortunée, baada ya kukaa kambini Kigoma muda mrefu kuliko anavyopenda kusema. Wakapewa nyumba mtaa wa Castle Vale. Ignace akapata kazi ya kupanga vifurushi ghalani, yeye akapata ya kusukuma mkokoteni wa mafaili hospitalini kwetu, enzi za makaratasi. Alikuwa akileta mafaili huku akiyasoma. Alipoomba kufundishwa kazi yetu akaambiwa asubiri mwaka ujao. Akajibu kwamba kusubiri alishakumaliza kambini, hakukubaki hata kidogo. Wakamfundisha. Mtihani aliufeli mara ya kwanza, akaurudia bila kutaka pole ya mtu yeyote, akapita.

Sandeep, bosi wetu, ni mtu mwema mwenye tatizo moja: kila mwisho wa mwezi lazima mafaili yawe yamekwisha. Siku hizo yeye hupita mezani kwetu kama mtu anayekimbizwa na mbwa.

"Dative, hili liache. Weka haikutajwa, tuendelee."

"Sandeep, huyu mwanamke ana kizazi kimoja. Uvimbe ulikuwa mahali fulani. Haukukaa hewani."

Na anamwandikia daktari kuuliza. Madaktari wengine hujibu, wengine hununa. Kuna mmoja alimjibu kwamba maelezo yote yapo ukurasa wa pili, ambao Dative aliuruka, na ilikuwa kweli. Aliomba radhi, lakini aliomba akiwa ameinua kidevu, utafikiri yule daktari ndiye aliyekosa. Ndivyo alivyo. Nampenda, lakini simsifu kwa kila kitu.

Basi mwanamke huyu, anayepigania mahali pa uvimbe wa watu asiowajua, alianza kuumwa mbele ya macho yangu.

Kwanza zilikuja sketi nyeusi. Dative ni Mkongo, anapenda rangi, siku za nyuma alikuwa akiingia ofisini taa zinapungua mwanga. Ghafla ni nyeusi tu. Kisha akaanza kukalia kitenge kilichokunjwa, anakuja nacho, anaondoka nacho. Kisha akawa anatafuna barafu. Anakwenda kantini, anarudi na kikombe cha barafu tupu, anatafuna kru kru kru huku anapiga namba, na mtu yeyote anayefanya kazi yetu anajua mwanamke anayetamani barafu damu yake imekwisha.

"Dative, unaumwa."

"Niko muzuri."

"Midomo imekuwa ya kijivu."

"Ni baridi ya kwenu Birmingham."

Nilimsumbua mpaka akaenda kwa daktari wa mtaani. Picha ya kizazi ikaonyesha uvimbe mkubwa. Akapangiwa kumwona daktari bingwa kwenye hospitali nyingine, upande wa pili wa mji, na mimi nikashusha pumzi. Nilijua njia inayofuata, tunaiona kwenye mafaili kila siku: mgonjwa anaonana na bingwa, anaingia kwenye foleni ya operesheni, anatolewa uvimbe, anarudi kuvaa rangi.

Haikuwa hivyo. Alionana na bingwa, kisha jibu likaja kwa barua, na Dative aliitupa mezani kwangu wakati wa chakula. Uvimbe upo, ndiyo, lakini dalili ni ndogo. Operesheni haihitajiki kwa sasa. Arudi kwa daktari wake wa mtaani.

Tulimtukana yule bingwa saa nzima ya chakula. Kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na mimi nikaongeza Kigujarati pale maneno yalipopungua. Kwamba hawa watu wakiona mwanamke mweusi hawaoni maumivu. Na hilo hatukulitunga sisi, wanawake wengi wanalilia, na wana haki ya kulilia. Nilikuwa tayari kuandika malalamiko kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaichukua barua nipate maneno ya kuanzia, nikasoma mistari ya katikati ambayo tulikuwa tumeiruka kwa hasira. Mgonjwa anasema damu ni ya kawaida. Anaendelea na shughuli zake. Maumivu, kwa kipimo cha kumi: tatu.

"Dative, nani alisema tatu?"

Akaacha kutafuna barafu.

"Dative!"

"Miye."

Nilicheka. Sikujizuia, nilicheka kwa hasira mpaka watu wa meza ya jirani wakatuangalia. "Wewe! Wewe unayewaandikia madaktari barua uvimbe uko wapi! Mganga hajigangi, kweli!"

"Nilam, usiniletee methali."

"Nakuletea na nyingine. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua."

Alikasirika, akachukua kitenge chake akahamia meza nyingine. Hatukuongea mpaka jioni. Tulipokuwa tunavaa makoti ndipo akanieleza, na nilimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo kwangu ni gumu.

Kwao mwanamke hapigi kelele. Hugues, kifungua mimba wake, alimzaa njiani wakikimbia, nyuma ya lori lililoharibika, kitambaa kikiwa kati ya meno, na watu waliotangulia mbele hawakugeuza hata shingo kwa sababu hawakusikia kitu. Mama Fortunée ndiye aliyempokea mtoto. Walipofika kambini, mama mkwe huyo akaitembeza habari kutoka hema hadi hema: tazameni mke wa mwanangu, hakutoa hata "aa." Walikuwa wamepoteza nyumba, ng'ombe, na duka la Ignace. Sifa hiyo ndiyo mali waliyofika nayo, na Dative ameivaa mpaka leo.

"Sasa ile siku mama alikuwa amekaa pembeni yangu," akasema. "Muganga ananiuliza namba, na mama anataka nimutafsirie kila neno. Mbele ya mama mukwe, niseme nini? Ukilia juu ya kizazi mbele ya mama mukwe, ni kama unasema mutoto wake anakutesa. Nilitaka kusema mbili. Nikasema tatu juu nilikuwa naumwa sana."

Kwetu sisi hayo hayapo. Mama yangu, Raksha, akichomwa na mwiba hekalu zima linajua ni mguu gani. Sikuelewa, lakini nilielewa kwamba hapa hapakuwa na ujinga. Hapa palikuwa na mtu aliyelelewa vizuri mno.

Wiki chache baadaye alianguka. Hakuanguka nyumbani ambako angeweza kuficha. Alianguka ofisini, mbele ya printa ile ile, kishindo kikubwa. Sandeep alikuja mbio na kiti, akakuta kiti hakitoshi, akavua koti lake akamfunika nalo kuanzia kiunoni, kwa sababu damu ilikuwa imepita kila kitu. Namshukuru kwa koti lile mpaka leo. Dative akafumbua macho akasema, "Ni joto." Mwezi wa pili, Birmingham, joto.

Alilazwa, akaongezwa damu. Daktari kijana wa zamu alimwambia bila kuzunguka: ukiendelea hivi, mara nyingine hatutakuwahi. Nilikuwa nimesimama pale, namwona mama Fortunée kwenye kiti cha wageni, mrefu, mkavu, kofia ya sufu kichwani, mkoba juu ya magoti. Hakuna aliyemtafsiria. Alikuwa anamtazama mkwe wake kwa fahari, maana walipomchoma sindano hakukunja hata uso.

Dative alirudi kazini akiwa na hasira mpya. Hii nilikuwa sijawahi kuiona. Ya zamani ilikuwa ikienda kwa madaktari, hii ilikuwa inarudi ndani kwake mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya kufungua faili hata moja, alimpigia simu katibu wa yule bingwa.

"Nataka kuonana na daktari tena."

"Umeshaondolewa kwenye orodha yake, mama."

"Najua. Nataka kusahihisha."

"Kusahihisha nini?"

"Namba."

Kesho yake hivyo hivyo. Daktari wa mtaani naye akaandika, na habari ya kulazwa ikafika. Nadhani yule katibu mwishowe alimpa nafasi ili naye apate kunywa chai yake kwa amani.

Nilisema nitawapeleka kwa gari. Na kwa kuwa mimi najua kila kitu, nikatoa na ushauri.

"Mama umwache nyumbani safari hii. Mwambie ni kipimo cha macho."

Akavua miwani.

"Nitasema mbele yake."

"Dative, kwani ni lazima? Ingia, sema, toka."

"Nikisema wakati hayuko, nitakuwa nimeiba. Miye si mwizi. Ile namba ya uongo niliisema mbele ya mama. Ya kweli nitaisema mbele ya mama. Akitaka kunichukia, anichukie akiwa amekaa hapo hapo kwenye kiti."

Nikaenda kutoa mizigo kiti cha mbele cha gari, mama apate pa kukaa.

Njiani mama Fortunée alikaa mbele kwa sababu ya umri wake, mimi nikiendesha, Dative nyuma juu ya kitenge chake. Bibi alikuwa amevaa vizuri kama anakwenda kanisani kwao Kingstanding. Alinisifu kwa kuendesha, kisha akaniuliza kwa nini sinenepi. Nilimpenda, na nilimwogopa.

Bingwa alikuwa Daktari Narinder, mwanamke wa makamo, Mpunjabi, anayeongea upesi kwa sababu nje wagonjwa wamejaa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Lakini alisimama kumpokea bibi, akatuvutia viti sote watatu, akafungua maandishi yake akayasoma, akakunja uso.

"Mara ya mwisho uliniambia tatu," akasema. "Na kwamba damu ni ya kawaida. Mimi niliandika ulichoniambia."

Hakusema kwa ukali. Dative akaitikia kwa kichwa.

"Uliandika sawasawa. Mimi ndiye niliyesema uongo."

"Sawa. Basi niambie leo."

Mama Fortunée akakohoa. Hakujua Kiingereza zaidi ya kushukuru na kuulizia basi la abiria, lakini alijua tumefika mahali pa maswali, na kikohozi kile kilikuwa cha kumkumbusha mkwe yeye ni nani. Dative alikisikia. Niliona mabega yake yakijipanga yenyewe, kama ya mtoto wa shule mwalimu akiingia. Nikasema moyoni, yameisha, atasema nne.

Akavuta pumzi.

"Tisa," akasema.

Halafu akafungua mdomo na hakuufunga. Kwamba pedi hazitoshi, anavaa nepi. Kwamba siku za damu analala bafuni juu ya taulo, maana godoro alishaliharibu. Kwamba kanisani haendi siku hizo kwa kuwa viti vyao ni vya kitambaa. Kwamba akipanda ngazi za nyumbani anakaa katikati kama bibi kizee. Kwamba na mumewe hawalali kama mke na mume tangu mwaka jana, kwa sababu inauma, na mumewe ni mtu mwema na anadhani amechukiwa. Sauti yake haikutetemeka hata mara moja, alikuwa anasema kama mtu anayedai haki yake dirishani, wa mbele kwenye foleni, na hatoki. Daktari Narinder alikuwa akiandika kwa vidole vyote.

"Hii inabadilisha kila kitu," daktari akasema. "Unarudi kwenye orodha ya operesheni leo, na si mwisho wa orodha."

Mimi ningeinuka hapo hapo nimkumbatie mtu. Tulikuwa tumepata tulichofuata. Mlango ulikuwa hapo. Lakini Dative hakuinuka. Aligeuza kiti chake kizima, kama alivyonigeuzia mimi siku ile ya kwanza, akamwelekea mama mkwe wake.

Sikuamini. Mimi ambaye mdomo wangu hauna breki nilitamani sakafu ipasuke.

"Mama," akasema, "nimeambia muganga kama niko naumwa sana. Ile siku ingine nilimudanganya. Damu inatoka mingi, inapita mu nguo, inapita mu kiti. Inanilaza mu bafu. Na mutoto wako, hatulale pamoja tangu mwaka jana, juu inaniuma. Si kosa yake. Nimemwambia muganga byote."

"Byote?"

"Byote, mama."

Daktari alikuwa ameacha kuandika. Hakuelewa neno, lakini alituangalia kama mtu anayesubiri maji yachemke. Bibi hakumtazama Dative. Alitazama mkoba wake, akaufungua, akaufunga. Alikuwa na sifa yake moja aliyoibeba kutoka njiani hadi kambini na kutoka kambini hadi Castle Vale, na mkwe wake alikuwa ameiweka chini mbele ya watu wawili wasiomhusu.

"Alikuuliza ile namba tena?" akauliza mwishowe.

"Aliniuliza."

"Ukasema ngapi?"

"Tisa, mama."

"Na inaishiaka wapi?"

"Kumi."

Mama Fortunée akainua uso. Macho yalikuwa makavu, na makali kama ya mtu anayeona mtoto amekaribishwa chakula na anajidai ameshiba.

"Na ile moja, unamubakishia nani?" akasema. "Kama ni miye, sitaki."

Dative akageuka upesi, maana hakutaka aonekane usoni.

"Kumi," akamwambia daktari. "Andika kumi."

Daktari Narinder akatutazama sote watatu, mmoja mmoja, kisha akafuta tisa.